Barua kwa mwanangu anayesomea ualimu wa muziki

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Sisi sote hatujambo, na bibi yako anakuombea dua. Umeniuliza mwalimu wa muziki atabaki na kazi gani ikiwa akili mnemba inatunga wimbo, inausahihisha na hata kuufundisha. Nimelitafakari sana swali hilo, na nitalijibu kupitia amadinda, ile marimba ya vibao vya mbao unayojifunza huko Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Ala hiyo ya Buganda, ufalme wa hapa Uganda, ina vibao 12 na wapigaji 3. Omunazi huanza, omwawuzi huingiza noti zake katikati ya zile za mwenzake, na omukoonezi hukaa kwenye vibao 2 vya juu kabisa, akisikiliza ni wapi noti mbili za chini kabisa zinajitokeza katika mchanganyiko wa wenzake ili azirudie huko juu. Mkondo anaoufuata haupigwi na yeyote kati ya wale wawili peke yake. Huzaliwa baina yao, na sikio lisilozoezwa haliupati. Kompyuta inaweza kuukokotoa mara moja. Basi jiulize, mwanangu: shabaha ya somo ilikuwa kuupata mkondo huo, au kumpata mtu awezaye kuusikia?

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana naamini kwamba mwanafunzi anayepewa jibu kabla sikio lake halijahangaika kulitafuta amenyimwa somo lenyewe, hata wimbo ukitoka mzuri namna gani.

Siikatai mashine. Tangu Lubiri, kasri la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, ishambuliwe mwaka 1966 na wanamuziki wake kutawanyika, rekodi za zamani zimekuwa hazina, na programu inayopunguza kasi yake ili uzisikilize vizuri ni msaada wa kweli.

Linalonitia wasiwasi ni hukumu. Programu nyingi zimejengwa juu ya mfumo wa piano, wenye noti 12 katika oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina hilohilo iliyo juu yake, ilhali amadinda huigawa oktava hiyohiyo katika nafasi 5 zinazokaribia kulingana. Mtoto wa Mengo, huko Buganda, akiambiwa na mashine kwamba ameimba vibaya, kumbe ameimba kama babu zake, atamuuliza nani sababu? Mwalimu huulizwa, naye hulazimika kujibu mbele ya wanafunzi na wazazi wao. Kazi hiyo ndiyo nataka uisomee.

Niandikie walimu wako wanasemaje kuhusu jambo hili, na kama wanawaruhusu kutumia programu hizo katika mitihani.

Mama yako akupendaye