Baba mwenye binti, stendi aende choo kipi?

Ndugu Mhariri,

Mwezi Julai nilisafiri na binti yangu wa miaka minne kutoka Mbeya kwenda Mafinga kwa bibi yake mzaa mama. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki tatu, hivyo safari ilikuwa yetu sisi wawili tu. Tulipanda basi alfajiri. Anayeijua Mbeya ya Julai anajua mtoto huvalishwa nini saa kumi na mbili asubuhi: skintaiti, suruali ya sufu, sweta mbili, jaketi na kofia. Baridi ile, pamoja na kikombe cha chai ya maziwa alichokunywa kabla hatujatoka, vilimfanya aanze kunivuta mkono mapema. "Baba, mkojo." Nikamwambia, "Vumilia mama, basi litasimama."

Lilisimama kwenye stendi moja ya njiani ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa hali niliyoikuta pale haiko pale peke yake. Konda akatangaza dakika kumi za kuchimba dawa. Nikambeba mtoto mbio mpaka vyooni, nikalipa shilingi 600, mia tatu yangu na mia tatu yake. Upande wa wanaume, ukivuka mlango tu, ukuta mzima ni sehemu ya kukojolea, na wanaume saba au wanane walikuwa wamejipanga pale. Vyumba vyenye milango viko mwisho kabisa, lazima upite nyuma yao wote. Nikageuka. Upande wa kina mama, dada anayepokea hela akaninyooshea mkono: "Baba, huku hapana." Nikamwambia nina mtoto wa kike. "Mpe mtu ampeleke." Mama mmoja aliyekuwa akiingia akasema kwa upole, "Nipe mimi, baba, na mimi nina wangu." Nikampa.

Yule mama alitoka peke yake. "Nimemwacha ananawa," akasema, akionyesha nyuma, akakimbilia basi lake lililokuwa likipiga honi. Nikasubiri mlangoni. Mtoto hatoki. Nikamwita jina, kimya. Nikaita tena kwa sauti iliyofanya watu wa kwenye mabenchi wageuke. Dada wa mlangoni akaingia kumtafuta, akamkuta kwenye mlango wa pili, ule wa nyuma unaotokea kwa mama lishe, amesimama analia, skintaiti iko magotini. Zilikuwa dakika mbili, labda tatu. Hakuna aliyemgusa. Lakini usiku ule Mafinga sikulala, nikijiuliza kitu kimoja: kama polisi wangeniuliza yule mama niliyemkabidhi mwanangu ana sura gani na amevaa nini, ningewajibu nini? Kitenge. Basi. Hapo ndipo ningeishia.

Simlaumu yule mama, alinisaidia kwa moyo wake na basi lilikuwa linamwacha. Wala simlaumu dada wa mlangoni. Mimi ni mtu wa Rungwe. Wazee wetu walishika staha kiasi kwamba mkamwana hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akisikia anakuja alipita njia nyingine. Mwanamume akisimama mbele ya mlango wa choo cha kina mama, hata kama ana mtoto mikononi, mama zetu wanaumia kweli, na wana haki ya kuumia. Mle ndani kuna anayejifunga upya khanga, kuna msichana aliye kwenye siku zake, kuna aliyetoka kujifungua. Sidai kuingia kwao.

Ninachokataa ni lile jibu la "mpe mtu ampeleke". Tumelizoea kwa sababu zamani kijijini mtu huyo alikuwa shangazi au jirani unayemjua mpaka kwao. Stendi hakuna jirani. Stendi kila mtu ana tiketi ya kwenda mahali usipopajua.

Kuna watakaosema mtoto wa miaka minne aachwe aingie mwenyewe, baba asubiri nje. Nawaomba waviangalie vyoo vyenyewe. Vingi vyetu ni vya kuchuchumaa, nafasi za kuwekea miguu zimepimwa kwa mtu mzima, sakafu imelowa, na shimo kwa jicho la mtoto ni refu na jeusi. Binti yangu hawezi kusimama pale bila kushikwa mikono yote miwili. Hawezi kuvua suruali na skintaiti na kuzishikilia zisiguse maji huku akilenga shimo. Hafiki kwenye komeo, na akifika hajui kulifungua akiwa na hofu. Kopo la maji limejaa ni zito kwake. Mzazi anayempeleka mtoto choo cha stendi hamlindi na watu tu, anamlinda na choo chenyewe.

Ila na watu pia, na hapa naomba tusizunguke. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009, ripoti yake ikatolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu utoto wao. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 1 katika kila 7. Namba hii ya wavulana ndiyo tunayoisahau tukiwa mlangoni mwa choo. Tunamwonea huruma baba mwenye binti, na mama mwenye mtoto wa kiume tunamwambia, "Huyo ni dume, mwache aende kwa wenzake."

Jirani yangu ni mama anayeuza viazi Uyole, analea peke yake mtoto wa kiume wa miaka sita. Mpaka mwaka jana aliingia naye choo cha kina mama sokoni. Sasa wenzake wamemkataza, wanasema mtoto ana macho. Kwa hiyo anasimama nje ya choo cha wanaume, ameacha meza yake, na anaongea na mwanawe kupitia ukutani bila kunyamaza. "Umefika? Umefunga mlango? Niimbie ule wimbo wa shule." Mtoto akinyamaza, anapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Wanaume wanaotoka wanamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mimi baada ya safari ile ya Julai naona katika soko lote hakuna mwenye akili timamu kumzidi.

Sasa mtoto afuatane na mzazi mpaka umri gani? Watu wanabishana kama vile jambo hili halijawahi kupimwa na wazazi wetu. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na mpaka wao: mvulana akikaribia miaka kumi hivi aliondoka kulala nyumbani kwa wazazi, akajiunga na rika lake. Maana yake kabla ya hapo alihesabiwa bado ni mtoto wa ndani. Maoni yangu, na najua si wote watakubali, ni kwamba mtoto ambaye hajaingia darasa la tatu aruhusiwe kufuata upande wa mzazi aliye naye, awe baba au mama, bila mtu kuulizwa mlangoni. Mama mwenye kijana wa miaka sita aingie naye kwa kina mama. Baba mwenye binti aingie naye kwa wanaume, na wanaume tuliomo mle tumpe njia.

Na tunaweza kuitoa hiyo njia. Tangu Julai nimesafiri na binti yangu mara mbili zaidi. Siku hizi natembea na khanga ya mama yake. Nikifika mlangoni pa choo cha wanaume namlaza begani, uso wake nyuma, namfunika kichwa, nasema kwa sauti, "Jamani samahani, naomba njia, nina mtoto wa kike." Sijawahi kujibiwa vibaya. Mara moja mzee mmoja alitoka kwenye chumba alichokuwa amekwisha kuingia akasema, "Pita hapa baba, mtoto kwanza." Nikamwamkia shikamoo na kumshukuru, naye akasimama nje ya ule mlango akituzuilia watu mpaka tulipomaliza. Lakini usalama wa mtoto hautakiwi kutegemea kwamba leo tumempata mzee yule.

Ndiyo maana naziomba halmashauri za mikoa yetu, Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, chumba kimoja. Kila stendi na kila soko liwe na chumba kimoja cha choo chenye mlango wake unaotazama nje, si ndani ya upande wa wanaume wala wa wanawake, ambacho mzazi yeyote anaingia na mtoto yeyote. Choo cha kukaa, maji, ndoano ya kutundika mkoba, komeo, na kibao kipana cha kumlaza kichanga anapobadilishwa nepi. Tukizindua vyoo tunahesabu matundu. Shuleni tuna kipimo kinachojulikana, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kampeni ya Nyumba ni Choo, ya kuhimiza vyoo bora, ilianza kuzungumza nasi mwaka 2017 na imetubadilisha majumbani mwetu. Kwenye hotuba za kuzindua stendi nimesikia idadi ya matundu mara nyingi, sijasikia hata mara moja mtu akimtaja mzazi mwenye mtoto wa jinsia nyingine. Marekani mwaka 2016 walitunga sheria kwamba majengo ya serikali yao kuu yanayotumiwa na umma yawe na meza ya kubadilishia watoto kwenye vyoo vya wanaume pia. Sisi hatuhitaji kusubiri Bunge. Afisa afya na msimamizi wa stendi wakikaa siku moja wanaweza kuamua.

Pengine hata kujenga si lazima. Stendi mbili nilizopita njia hiyo zina choo cha watu wenye ulemavu chenye mlango wake wa nje. Vyote viwili vilikuwa na kufuli. Kimoja nilichungulia dirishani, kimejaa fagio, ndoo na viti vibovu. Chumba kile kikifunguliwa, mwenye ulemavu atakipata, kama Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inavyotaka awe na njia ya kufika kwenye huduma za umma, na mzazi mwenye mtoto atakipata pia. Marehemu baba yangu alipopata kiharusi, dada yangu ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki mjini. Siku moja alishindwa kabisa pa kumwingiza, mzee akajikojolea kwenye kiti cha kusubiria daladala. Alikuwa mwalimu, mtu wa suti na tai. Hakutaka kwenda tena kliniki mpaka tulipombembeleza wiki nzima. Shida ni ileile ya binti yangu.

Wakati hayo yakisubiriwa, wazazi wenzangu, mtoto mdogo asitumwe peke yake choo cha stendi wala cha sokoni, hata ukiwa na mizigo mitano. Mizigo mwachie konda, mtoto nenda naye. Mwambie mapema kwamba hakuna wa kumshika sehemu zake za siri, na akishikwa apige kelele na akwambie hata kama ameambiwa asiseme. Likitokea la kutokea, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto.

Nanyi makonda, ndugu zangu, mkiona abiria ameteremka na mtoto mkononi, dakika kumi hazimtoshi. Mpeni kumi na tano na msipige honi.

Desemba shule zikifungwa tunarudi Mafinga, safari hii familia nzima. Tutapita stendi ileile. Mwenye ufunguo wa kile chumba cha fagio, kama unasoma gazeti hili, naomba ukifungue, ukitoe vile viti, na ufunguo umwachie dada anayepokea hela mlangoni. Hata akitutoza mia tatu kila mmoja, tutalipa.

Mzazi wa watoto wawili,
Uyole, Mbeya