Barua kwa rafiki wa Iringa kuhusu wimbo wake mpya

Mwanjelwa, Mbeya

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene. Natumaini u mzima wewe na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Ama baada ya salamu, nimeusikiliza wimbo ulionitumia, na nimeyasoma pia maelezo unayokusudia kuwapelekea wahariri wa Spotify, wale wanaopanga orodha za nyimbo kwenye huduma hiyo ya kusikiliza muziki mtandaoni. Wimbo umekamilika, na sitaki uguse chochote ndani yake. Maelezo ndiyo hayajaufikia wimbo wenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Umeandika kwamba wimbo "utatikisa Afrika Mashariki nzima", kwamba wewe ni msanii chipukizi unayehitaji kushikwa mkono, na kwamba umepitia magumu mengi. Hayo magumu nayajua, maana mengine tumeyapitia pamoja. Lakini mhariri hakuwekwa pale kupima ni msanii gani anastahili kuonewa huruma; kazi yake ni kutafuta wimbo utakaokaa vizuri kati ya nyimbo ambazo tayari zimo kwenye orodha anayoisimamia, na mbele yake kuna foleni ndefu ya watu waliojaza fomu kama hiyo yako. Anachotaka ni kujua upesi wimbo ni wa aina gani, unasikika vipi, umeimbwa kwa lugha gani, na umejipangaje kuufikisha kwa watu. Sifa atazitoa mwenyewe akishasikiliza.

Nafasi nayo ni finyu, kwani sehemu ya maelezo inapokea herufi 500 tu. Ningeanza na ligombo. Inanishangaza kwamba umelitaja mstari wa mwisho kabisa, ilhali ndilo linalofungua wimbo na ndilo litakalomfanya mtu aliyesikiliza nyimbo nyingi siku hiyo ainue kichwa. Jaribu kitu cha namna hii:

"Wimbo wa taratibu wa Kihehe na Kiswahili, kuhusu mama anayechuma chai Mufindi tangu alfajiri. Unaongozwa na ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, kilichopigwa na mjomba wangu na kurekodiwa Kalenga. Gitaa na besi vinaingia kwenye kiitikio. Video fupi zitatoka wiki ya kwanza, na tutauimba jukwaani Iringa mjini mwezi huohuo."

Ukiyasoma maelezo hayo utaona kwamba hayana hata neno moja la kujisifu, na bado mtu asiyejua Kihehe wala hajawahi kufika Iringa anaweza kuusikia wimbo kabla hajaubonyeza.

Sehemu nyingine za fomu, yaani aina ya muziki, hali ya wimbo, ala na lugha, zijaze kwa ukweli uleule. Prodyuza wako anataka uchague Bongo Fleva ya kuchezeka kwa sababu ndiyo yenye wasikilizaji wengi. Mimi sikubaliani naye. Wimbo mtulivu ukiingizwa kwenye orodha ya nyimbo za sherehe, watu watauruka mapema, na Spotify haihesabu usikilizaji wowote usiofika sekunde 30. Kumbuka pia kwamba tangu 2024 wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita hauingizi mrabaha pale, kwa hiyo wasikilizaji wachache wanaoupenda kweli wana faida kubwa kuliko umati unaopita tu. Na kama ligombo halimo kwenye orodha ya ala, usichague kinubi eti kwa kuwa vinakaribiana. Maelezo yako yameshalitaja.

Jambo ninalokuomba kwa mkazo zaidi ni tarehe. Umesema utauachia Ijumaa ijayo. Tafadhali sogeza mbele, hata kwa wiki nne. Wimbo ukishatoka, mlango huo wa wahariri umefungwa, kwa sababu fomu inapokea kazi ambayo bado haijaachiwa, tena moja tu kwa wakati mmoja. Ukiutuma angalau siku 7 kabla, hata wahariri wasipouchagua utaingia kwenye Release Radar, orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humwandalia kila msikilizaji, ya wale wanaokufuata, na kwa msanii mwenye wafuasi wa kweli, kama wewe, hilo si dogo. Ila siku 7 hizo zinahesabiwa baada ya msambazaji, yaani kampuni inayokupelekea nyimbo Spotify na kwingineko, kuufikisha wimbo na wewe kuuona kwenye akaunti yako ya msanii, na yeye naye anahitaji siku zake. Muulize wakati huohuo kama anawasilisha nyimbo kwa wahariri wa Apple Music, maana huko mapendekezo hupitia kwa lebo na wasambazaji, na muulize utaratibu wake kwa Boomplay, ambako ndugu zetu wengi wa huku Nyanda za Juu wanasikilizia muziki.

Kuhusu yule jamaa anayedai kwamba ukimlipa atakuingiza kwenye orodha za wahariri, usimpe hata senti. Spotify imesema wazi kwamba nafasi hizo haziuzwi. Wanaouza huduma hiyo mara nyingi wanatumia usikilizaji wa mashine, nao ukigundulika hauhesabiwi, na wimbo wenyewe unaweza kuondolewa. Siwezi kuvumilia kuona kazi ya mjomba ikipotea kwa njia hiyo.

Na huyo mjomba, hakikisha jina lake limeandikwa kwenye taarifa za wimbo kama mpigaji wa ligombo, kwa tahajia anayoitumia yeye, na mkubaliane kwa maandishi mgao wake kabla hujapeleka wimbo kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukimaliza, nitumie maelezo mapya nami nitayasoma siku hiyohiyo.

Wasalimie wote, hasa mama.

Ni mimi rafiki yako,
wa Mwanjelwa