Mwanangu, usihesabu vimondo bila saa

Mwanangu mpendwa,

Umesema usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba utakuwa Kahe kwa bibi yako, ukeshe na vimondo vya Mapacha (Geminids), ile mvua ya vimondo ya kila Desemba, mpaka ufikishe mia moja. Nimefurahi sana. Ila hiyo mia peke yake haina kazi. Nitakuuliza: umeiona kwa dakika ngapi, nyota hafifu kuliko zote uliyoweza kuiona ni ya daraja gani la mng'ao, na mawingu yalifunika kiasi gani cha anga? Ukinijibu hayo, hata vimondo thelathini ni rekodi kamili.

Mwaka huu wa 2026 mwezi mpya ni tarehe 9 Desemba, hivyo usiku huo mwezi utakuwa bado mchanga na utazama kabla ya saa tano. Vimondo hivi ni chembe zilizoachwa na Phaethon, asteroidi, yaani mwamba unaozunguka jua, iliyogunduliwa mwaka 1983, na zinaingia kwenye angahewa kwa kilomita 35 hivi kwa sekunde. Vyote huonekana kama vinatoka sehemu moja, karibu na nyota Castor. Kwa Kahe, hilo chimbuko linachomoza kaskazini mashariki kwenye saa tatu kasoro robo, na saa nane na nusu linafika juu kabisa, nyuzi 53 juu ya upeo wa kaskazini. Saa zako nzuri ni kuanzia saa sita hadi saa kumi.

Usimkodolee macho Castor. Vimondo vya karibu na chimbuko ni vifupi sana na vinakuponyoka. Nyoosha mkono, ukunje ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Tazama ngumi nne hivi kutoka kwa Castor, upande wa mashariki, kwa sababu taa za Moshi mjini ziko kaskazini magharibi yako. Wiki hiyo watu wanaanza kurudi nyumbani kwa Krismasi, kwa hiyo mwombe bibi azime taa ya nje, na uwaombe majirani kwa adabu mapema, siyo saa sita usiku.

Macho yanahitaji dakika 30 kuzoea giza. Ukiwasha kioo cha simu mara moja tu, unaanza upya. Tochi ifunge kwa nailoni nyekundu mara mbili au tatu mpaka mwanga ubaki wa kutosha kusoma saa tu. Mkeka hautoshi, tandika godoro, maana baada ya saa saba umande unalowanisha kila kitu. Vaa mikono mirefu, soksi na ujipake dawa ya mbu. Mashamba ya mpunga yako karibu, na malaria haingoji ukamilishe rekodi.

Sasa suala la saa, ambalo ndilo linaloharibu rekodi nyingi. Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO, hupokea taarifa kwa saa za dunia, yaani UT. Saa nane usiku yetu ni 02:00 kwenye simu. Ukitoa 3, kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu, unapata 23:00, na tarehe inarudi nyuma: kwetu ni 14 Desemba, kwenye fomu ni 13. Mtu akiandika 23:00 ya tarehe 14 amekosea siku nzima, na kwa mvua ya vimondo siku moja ni tofauti ya kilele na mabaki. Andika saa zote kwa UT tangu mwanzo, usingoje kubadilisha asubuhi ukiwa na usingizi.

Usiandike kwa kalamu huku ukiangalia karatasi. Sekunde 10 kwa kimondo kimoja, kwa vimondo 40, ni dakika karibu saba ambazo macho hayakuwa angani, na lazima uzitoe kwenye muda wako. Tumia kinasa sauti cha simu, kioo kikiwa kimezimwa, na useme kwa sauti: "Mapacha, mbili." Hiyo "mbili" ni daraja la mng'ao, na namba ikiwa ndogo kimondo kimeng'aa zaidi. Linganisha na nyota unazoziona: Sirius ni -1.5, Rigel 0.1, Pollux 1.1, Castor 1.6, na zile tatu za mkanda wa Orioni, zitakazokuwa karibu na utosi wako kwenye saa sita na nusu, ni kama 2. Kimondo ambacho ukirudisha mstari wake nyuma haufiki kwa Castor, sema "pekee". Taja saa kila baada ya dakika 15. Kipindi kikipita bila kimondo, sema sifuri. Sifuri nayo ni rekodi. Ukisinzia, sema umesinzia, na muda huo tuutoe.

Vimulimuli vitakudanganya pembeni mwa jicho. Setilaiti inakwenda taratibu kwa dakika kadhaa, na ndege za uwanja wa KIA zinapepesa taa. Kimondo hakizidi sekunde moja au mbili.

Angalia mfano huu. Umeona 40 vya Mapacha kwa saa moja kamili, hakuna wingu, nyota ya mwisho uliyoiona ni ya daraja la 5.5 badala ya 6.5, ambayo ndiyo kipimo cha anga yenye giza kamili. Kwa Mapacha, kupungukiwa daraja moja unazidisha kwa 2.6: unapata 104. Kwa kuwa chimbuko haliko utosini bali nyuzi 53 juu ya upeo, gawanya kwa 0.8, sain ya nyuzi hizo 53, unapata 130. Hapo ndipo hesabu yako inalingana na ya mtu aliyekesha sehemu nyingine kabisa duniani. Wingu likifunika asilimia 20 ya eneo unalolitazama, gawanya tena kwa 0.8. Likizidi hapo, simamisha, sema saa, unywe chai mpaka anga ifunguke.

Kamera iache kwa mwaka huu.

Asubuhi, kabla hujalala, nakili sauti yote kwenye daftari, kipindi kwa kipindi, na umpe mdogo wako asikilize mara ya pili akiwa na penseli. Namba zenu zikitofautiana, rudieni kipande hicho kabla ya kunitumia.

Nisalimie bibi yako.

Mama yako