YAH: MALALAMIKO KUHUSU LENZI ISIYO NILIYOILIPIA NA DHARAU YA MFANYAKAZI WENU

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuipata kwenu, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe badala ya kuirudisha kwenye kaunta ninayoilalamikia.

Nililipia lenzi ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8 (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga hufunguka zaidi), ya kupigia picha za watu huku mandharinyuma ikififia, na risiti yenu inasema hivyo. Boksi lililonifikia lilikuwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Nilipoirudisha, mfanyakazi wenu aliniambia kwamba "zote zinafanya kazi ileile", akaifunga kwenye kamera yangu, akampiga picha mwenzake aliyesimama mbele ya rafu, akakielekeza kioo cha kuonyeshea picha kwa foleni nzima na kutamka kwa sauti: "Tatizo si lenzi, tatizo ni mpigaji." Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Hazifanyi kazi ileile. Ukigawanya 85 kwa 1.8 unapata tundu lenye upana wa takriban milimita 47, ilhali 55 kwa 5.6 haifikishi hata milimita 10, na kama uso umejaza picha kwa kiasi kilekile, upana huo ndio unaoamua mandharinyuma ya mbali ififie kiasi gani. Kumsogeza mtu mbali na ukuta husaidia, najua. Lakini husaidia lenzi yoyote, na mimi sikulipia ushauri.

Hata kabla ya siku hiyo, nilipopiga simu, mwenzake alikwisha kunishauri nitumie programu ya simu ya kufifisha mandharinyuma, ambayo mara nyingi hula nywele za pembeni na kingo za masikio. Hayo ndiyo majibu ya duka la kamera!

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu jambo lile halijanitoka. Katika picha aliyowaonyesha watu, maandishi ya maboksi yaliyokuwa nyuma ya mwenzake yalisomeka herufi kwa herufi; yaani ushahidi wangu alikuwa nao mkononi, akautumia kunidhihaki. "Tatizo ni mpigaji," alisema, huku kioo cha kamera yangu kikitazamwa na watu nisiowajua.

Siku ile nilitaka kubadilishiwa tu. Sasa hilo halitoshi. Nataka nirudishiwe fedha zangu zote pamoja na gharama za usafirishaji, mje kuichukua lenzi yenu kwa gharama zenu, na niombwe radhi kwa maandishi yenye saini ya aliyenidhihaki. Nisipojibiwa ndani ya siku 7 tangu mpokee barua hii, nitalifikisha suala hili kwa mamlaka inayolinda haki za walaji na kwa wakili, bila kuwapigia simu tena. Ile picha ingali kwenye kadi yangu, na itaambatishwa.

Wenu,
Mteja mliyemcheka