Kabla ya injini kubwa, tazameni difu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na vijana wa magari, hasa wa hapa Mbeya na wenzao wa Iringa na Makambako.

Corolla za zamani za kusukuma kwa nyuma zimerudi kwa kishindo. KE70, hizi DX walizoendesha baba zetu, zinavuliwa injini ya 4K na kuvalishwa 4A-GE, na wenye ujasiri zaidi wanazitia 3S-GE ya Altezza. Injini huhangaikiwa usiku na mchana. Ekseli ya nyuma, yenye difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili), inaachwa ileile mpaka ianze kulia, na hapo mwenye gari hukimbilia moja ya mambo mawili: anachomelea difu, au ananunua ekseli ya Hilux. Yote mawili tunayapinga.

Tuanze na reshio, maana ndilo jambo ambalo milima yetu inalidai kuliko nguvu ya injini. Reshio ni meno ya krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) kugawanya kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha): 43 kwa 10 ni 4.3, 41 kwa 10 ni 4.1, 39 kwa 8 ni 4.875. Usiyetaka kufungua difu, weka vigingi magurudumu ya mbele, gia iwe huru, handibreki imeachiwa, kisha nyanyua gurudumu moja la nyuma na gari likae kwenye stendi. Zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili, mwenzako akihesabu mizunguko ya propela (shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu). Idadi atakayoipata ndiyo reshio. Kama difu ni LSD (inayozuia gurudumu moja kuzunguka ovyo peke yake) au imechomelewa, nyanyua yote mawili na uzungushe mara moja tu.

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Chunya inapanda kupita mita 2,400. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Maana yake 4A-GE iliyoandikiwa farasi 130 inabaki na kama 108 ukiwa hapa Mwanjelwa, na haifiki 100 juu kule njia ya Chunya. Ukitoka reshio ya 3.9 kwenda 4.3, msukumo kwenye matairi unaongezeka asilimia 10 bila kugusa injini. Gharama yake ni mizunguko. Kwa tairi la 175/70R13, kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya nne isiyopunguza wala kuongeza, 3.9 inazungusha injini kama mara 3,600 kwa dakika, na 4.3 inafika karibu 3,970. Giaboksi ya T50 yenye gia ya tano ya 0.861 inakurudisha kama 3,400, na hapo safari ya kwenda Dodoma inavumilika. Kwa gari la barabarani linalopanda mlima Kitonga na kushuka kila wiki tunashauri 4.1 au 4.3. Reshio ya 4.875 waachiwe wa mashindano ya vumbi. Kwenye lami ndefu ya Igawa utaziba masikio.

Sasa ukubwa. Krauni ya DX ilipimiwa injini ya 4K, ambayo nguvu zake ni farasi sitini na kitu. Toyota yenyewe ilipotoa AE86 mwaka 1983, magari yenye 4A-GE yaliwekewa krauni ya inchi 6.7, na yale ya injini dhaifu yakabaki na ndogo zaidi. Kibati cha chumba cha injini kinasema: kwenye mstari wa A/TM tafuta msimbo wa ekseli, mfano T282. Herufi ya kwanza ni ukubwa wa krauni, tarakimu mbili zinazofuata zinaashiria reshio (si reshio yenyewe), ya mwisho inaonyesha aina ya difu ya ndani. Kwa AE86, T282 ni difu ya kawaida na T283 ni LSD. Baadhi ya Carina, Corona na Celica za miaka hiyo nazo zina herufi T. Kwa 4A-GE inayoendeshwa kwa akili, T yenye beringi nzima inatosha kabisa. Ekseli ya AE86 ina maungio yanayokaribiana sana na ya DX, mikono minne na fito ya kuzuia ekseli isicheze kushoto na kulia, kwa hiyo kukata na kuchomelea ni kidogo.

Ekseli ya Hilux ni imara, hakuna anayebisha. Ila ya 4x4 ina stadi (boliti za gurudumu) sita kwenye duara la milimita 139.7 wakati Corolla ina nne kwenye duara la 114.3, imejengewa springi za majani, na ni nzito. Uzito huo haubebwi na springi, unaruka pamoja na magurudumu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ile ya Isyonje kwenda Kitulo, nyuma ya gari inapoteza mshiko hata ukienda taratibu, na shokapu zinakufa mapema. Difu nzito ndani ya gari jepesi ni fedha iliyotupwa.

Kabla hujalipia ekseli yoyote, chukua futi. Pima toka uso wa flenji ya gurudumu (bamba linalofungiwa gurudumu) hadi uso wa ile ya upande wa pili. Ikizidi ya zamani kwa zaidi ya sentimita moja kila upande, tairi litasugua ukingo wa bodi gari likijaa abiria. Pima pia nafasi ya maungio, matundu ya flenji ya pinioni, kamba ya handibreki, bomba la breki, na kama pua ya difu iko katikati au imesogea pembeni. Hesabu mistari ya meno ya hafu shafti (shafti inayotoka difu kwenda kila gurudumu). Ikiwa tofauti na ya difu unayoitia, utaishia kwa mchonga vyuma.

Ya mtumba, iwe ya Mwanjelwa au imeletewa kwa basi kutoka Kariakoo, ifunguliwe mbele yako. Chovya kidole kwenye oili kupitia tundu la kujazia. Oili ya maziwa imeingiliwa na maji, na chembe zinazometa ni meno au beringi. Shika flenji ya pinioni, itikise juu na chini. Isiwe na mchezo. Tazama meno ya hafu shafti pale yanapoingia difu: yakiwa yamejipinda kama kamba, ekseli imeshateswa. Krauni na pinioni vilisagwa pamoja kiwandani, ni mume na mke; namba zikipishana, achana nayo hata ikiuzwa bei ya kutupa. Na hauzingi (ganda la ekseli) inaweza kuwa imepinda kwa shimo moja tu la barabarani. Ikishafungwa kwenye gari, pima umbali kati ya matairi ya nyuma, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Tofauti ikizidi milimita mbili, ipelekwe kunyooshwa.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu. Krauni huingia kwenye kiti chake baada ya kuchemshwa kwenye maji, ipanuke kidogo (huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini yanatosha), kisha boliti zake zikazwe kwa zamu, kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 97, nyuzi zikiwa na gundi ya kufungia. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni iwe milimita 0.13 hadi 0.18, ipimwe kwa geji ya saa sehemu tatu au nne za mduara. Usipime kwa vidole. Ile bushi ya kujibana kwenye pinioni inakazwa mara moja tu. Ukipitiliza, usirudishe nati nyuma. Bushi hiyo imekufa, weka mpya. Beringi mpya inataka ukaze wa kama mara mbili ya ule wa beringi iliyokwisha kutumika, ndiyo maana fundi anayekaza "kwa uzoefu" huachia beringi mpya zilizolegea.

Halafu paka meno machache ya krauni rangi nyepesi, zungusha huku mtu akizuia kidogo kwa mbao, na usome alama. Inatakiwa ikae katikati ya jino. Ikikaa kuelekea ncha ya juu na upande mpana wa jino, pinioni iko mbali, weka shimu (washa ya kusogeza pinioni) nene zaidi. Ikizama chini upande mwembamba, weka nyembamba. Gari linalolia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, mara nyingi kosa liko hapa.

Beringi ya gurudumu inashikwa na pete iliyopashwa moto na kusukumwa kwa presi. Pete hiyo hairudiwi. Kuitoa, ikatwe nusu kwa grainda bila kugusa shafti, imaliziwe kwa tindo. Pete ya zamani ikiteleza, hafu shafti inatoka na tairi lake, ngoma ya breki ikibaki nayo huko nje.

Tuje kwenye kuchomelea. Fundi hujaza welidi kwenye spaida (gia ndogo za katikati ya difu) ili magurudumu mawili yazunguke sawa. Chuma hicho kimekwisha kukomazwa kwa moto. Welidi hukifanya kiwe rahisi kupasuka, na vipande vikilegea vinaingia kati ya krauni na pinioni. Kona za Kitonga zinataka tairi la nje lisafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Likikataliwa, hafu shafti hujikunja na kurudi mpaka zikatike, na kwenye mvua ya Tukuyu pua ya gari inakwenda moja kwa moja shimoni wakati usukani umegeuzwa. Kwa uwanja wa mashindano uliofungwa, sawa. Kwa barabara wanayopita watoto wa shule, hapana. LSD ya sahani ndiyo jibu, kwa oili yake yenyewe, na anayeifunga akumbuke: usiwashe gari gurudumu moja likiwa juu na lingine chini, litaruka kwenye jeki.

Oili ya difu ya kawaida iwe GL-5 ya 80W-90, ijazwe mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, na imwagwe baada ya kilomita 500 za kwanza. Tundu la kupumulia juu ya hauzingi lisafishwe kila gari likitoka topeni. Likiziba, joto hupandisha mgandamizo ndani, oili inasukuma sili na kumwagikia breki. Mtu anayegundua hilo katikati ya mteremko wa Kitonga, nyuma ya lori la shaba, hana pa kwenda.

Mafundi wa difu,
Mwanjelwa, Mbeya