Mgandamizo mkubwa wa hewa si ahadi ya jua Pemba

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila ya kukuandikia, lakini taarifa yenu ya hali ya hewa ya mwanzo wa msimu huu wa karafuu siwezi kuinyamazia. Mlieleza kwamba mgandamizo mkubwa wa hewa umeimarika kusini mwa Bahari ya Hindi, mkaongeza kwamba mgandamizo mkubwa maana yake ni ukavu na jua. Tangu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 watu wanauogopa mgandamizo mdogo, unaozaa vimbunga. Sasa mnawafundisha kuuamini mkubwa popote ulipo.

Kanuni hiyo ni kweli pale ulipo mgandamizo wenyewe, kwani hapo hewa hushuka, hupata joto na mawingu hayajengeki. Lakini mgandamizo huo mlioutaja, uitwao wa Mascarene, uko mbali nasi, kusini-mashariki ya Bukini (Madagaska), na wakati wa kipupwe kitovu chake huweza kupita hektopaskali 1030, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Hewa hutoka huko kuja kwetu, ambako mgandamizo ni mdogo zaidi, ikibeba unyevu wa bahari njia nzima, na huo ndio upepo wa kusi. Ukizidi nguvu kule, kusi huvuma zaidi huku, bahari huchafuka, joto hupungua na manyunyu huja hata nje ya masika na vuli. Kwa kuiamini taarifa yenu tulianika karafuu zote majamvini, tukaenda shamba kuchuma bila ya kumwacha mtu wa kuzianua, na mvua ikanyesha kabla ya adhuhuri. Zikarowa, zikalala zimefunikwa turubai, na kulipokucha nilizishika zikiwa laini, zimepauka, zinanuka uvundo, ilhali wachumaji walikuwa wameshalipwa pishi zao.

Isitoshe, joto mnaloandika kuwa ni la “Zanzibar” ni la Unguja, kana kwamba Pemba hakupimwi.

Naomba kila siku, kando ya nyakati za sala na za maji kujaa na kupwa, mchapishe mgandamizo uliopimwa Pemba saa tatu asubuhi pamoja na wa jana yake saa ileile. Msilinganishe asubuhi na jioni, kwani katika nchi za joto mgandamizo hupanda hadi kiasi cha saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi jioni hata hali ya hewa isipobadilika. Chini yake uwekwe wa Mascarene, na upepo utajwe kwa majina yake, kusi, kaskazi au matlai.

Mkulima wa karafuu,
Wete, Pemba