Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Shamba la Soya, Uzio na Ada

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha wawindaji kwa mwaka 2024, ambao ni mwaka wangu wa tatu katika nafasi ya uenyekiti. Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia upesi. Tulihuisha mkataba wa pango na mzee mwenye shamba kule kusini mwa jimbo la Iowa, Marekani. Tulipima udongo na kumwaga chokaa. Tulikarabati madungu manne ya kuvizia kulungu na kununua mikanda mipya ya usalama. Wanachama wapya watano walimaliza kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo sheria ya jimbo inamdai kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 kabla hajanunua leseni. Mwezi Septemba tulikuta mizoga mitatu ya kulungu kandokando ya kijito, na inaelekea waliuawa na ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi, ambao hukoma pindi baridi kali ya kwanza inapowaua wadudu hao; taarifa ilipelekwa Idara ya Maliasili siku hiyohiyo. Msimu ulikwisha bila mtu kuumia, na kwa hilo ninamshukuru Mungu.

Ninatumia neno kulungu kama tulivyozoea sote hapa mjini Des Moines, ingawa kulungu wa kwetu Afrika Mashariki ni mnyama mwingine kabisa, na huyu wa mkia mweupe, ambaye dume wake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, yuko karibu zaidi na ayala tunayemsoma katika Zaburi.

Sasa niingie katika suala ambalo ninajua ndilo mnalolisubiri, yaani uzio wa umeme tuliouzungushia shamba la soya mwezi Juni, ambao baadhi yenu mmelalamika kwamba ulinunuliwa bila idhini ya mkutano.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2023 tulipanda soya ekari 3 bila kinga yoyote, pembezoni mwa msitu wa mialoni. Nilipendekeza soya mimi mwenyewe, na sijutii, kwa sababu majani yake huwalisha kulungu kiangazi kizima na punje zake, zenye protini na mafuta mengi, huwavuta wakati wa theluji kuliko karibu kila kitu kingine. Lakini ekari 3 ni kidogo mno mahali penye kulungu wengi. Ilipofika wiki ya kwanza ya Julai mwaka ule, shamba lilikuwa vijiti vitupu. Katikati ya shamba niliweka kizimba cha wavu wa waya, duara lenye upana wa mita moja hivi, ili tuone soya ingekuwaje kama isingeliwa. Ndani ya kizimba mimea ilinifika kiunoni na majani yalikuwa yamebanana hata ardhi haionekani; nje yake, hatua moja tu, mashina yalikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, yamekatwa kwa juu kama yaliyopitiwa na mkasi mbovu. Picha ninayo, na niliionyesha katika mkutano mkuu wa Machi kwa wanachama 16 waliohudhuria. Wengine 25 hawakuiona kwa sababu hawakuja.

Mwaka huu mvua za Mei zilituchelewesha, tukapanda tarehe 25 Mei. Mbegu tulizichanganya na ule unga mweusi wa bakteria wa mizizi, unaoisaidia soya kujitengenezea naitrojeni, na tarehe 1 Juni miche ilikuwa imetoka. Kesho yake, Jumapili, nilikwenda shambani peke yangu baada ya ibada, nikakuta mistari miwili ya upande wa msitu imeshalambwa. Hapa ninaomba mnielewe vizuri. Soya inapochipua, zile nusu mbili za punje hupanda juu ya ardhi pamoja na mche, na macho yote ya kuchipuza upya yako hapo na juu yake. Kulungu akikata chini ya hapo, mche umekufa, hautachipua tena hata mvua inyeshe namna gani. Kusubiri wiki mbili ilikuwa sawa na kuzika mbegu, kazi na fedha zote za masika.

Katiba yetu, kifungu cha 9, inaruhusu kamati tendaji kutumia hadi dola 500 bila idhini ya mkutano. Uzio uligharimu dola 1,186. Sikatai kwamba kiwango kilipitwa. Ninachokataa ni maneno kwamba nilifanya siri. Jumanne tarehe 4 Juni jioni niliitisha mkutano wa dharura kwa simu, na ujumbe ulitumwa katika kundi letu la WhatsApp mara tatu. Waliojiunga walikuwa 9, wakati akidi yetu ni 14. Kwa kuwa mkutano usio na akidi hauwezi kuamua, mimi na mweka hazina tuliamua, tukatoa dola 500 zinazoruhusiwa, na dola 686 zilizobaki nikazitoa mfukoni mwangu. Nilirejeshewa fedha hizo mwezi Agosti, baada ya kamati kukaa na kukubali, na risiti zote ziko kwa mweka hazina. Yeyote anayetaka kuziona azione. Mpaka ninapoandika taarifa hii, hajafika hata mmoja, ingawa maneno yamesemwa mengi.

Wapo pia waliosema kwamba mwenyekiti amepika karamu kisha amewafungia wageni mlango, yaani nimewapandia kulungu soya kisha nikawazuia kuila. Ninawajibu kwa heshima kwamba karamu ilikuwa ya Desemba, si ya Juni. Uzio ule haukukusudiwa kukaa daima. Una mstari wa nje wenye uzi mmoja, na nyuma yake, kiasi cha sentimita 90, mstari wa ndani wenye nyuzi mbili, mmoja chini na mwingine juu. Hauzidi kimo cha goti kwa mtu mrefu, na ndiyo maana wengine waliucheka. Kulungu anaweza kuruka zaidi ya mita 2 kwenda juu, lakini hapimi vizuri umbali ulioko mbele yake, hivyo anapoona nyuzi mbele na nyuzi nyingine nyuma yake husita, hunusa, umeme humgusa pua, na huondoka. Nguzo 62 zilisimamishwa tarehe 8 na 9 Juni. Katika kundi la WhatsApp watu 12 walikuwa wameandika kwamba watakuja, tulifika wanne. Nguzo nyingi kati ya hizo nilizisimamisha kwa mikono yangu, na magugu yaliyokuwa yakigusa nyuzi na kupoteza umeme niliyafyeka kila Jumamosi ya pili hadi Septemba, mara nyingi nikiwa na mwanangu tu.

Hoja ya pili iliniumiza zaidi, kwa sababu ninaielewa. Mwezi Oktoba, soya ilipokauka na maganda kujaa, baadhi yenu mlitaka tuvune ili watu wapate unga wa uji wa watoto na soya ya kukamua maziwa. Ndugu zangu, nimekulia Kigoma. Nikiwa kijana nilikesha katika dungu nikipiga debe ili nguruwe na nyani wasimalize mahindi ya baba, na kukaa katika dungu hapa nikiwasubiri wanyama waje wale ni jambo lililonichukua muda kulizoea. Kuacha soya isimame mpaka theluji iifunike kunaonekana kama kufuru kwa mtu aliyelelewa na jembe. Lakini shamba lile lilikodiwa na kulimwa kwa ajili ya kulungu, na nguvu ya soya iko palepale wakulima wote jirani wanapokuwa wamekwisha kuvuna kwa mashine na mbegu za mialoni zimekwisha chini ya miti, ikabaki yetu peke yake imesimama juu ya theluji. Tungevuna Oktoba, tungekuwa tumelipa dola 1,186 kulinda kitu kisha tukakiondoa wiki chache kabla ya kazi yake.

Kuhusu pendekezo la kuvuna, kuhifadhi, na kumwaga kidogo kidogo karibu na madungu kila Jumamosi, nililikataa na nitaendelea kulikataa. Kuwinda juu ya chambo kilichomwagwa ni kosa katika jimbo la Iowa. Soya iliyopandwa na kuachwa kwenye shina lake inaruhusiwa; soya hiyohiyo ikivunwa na kurudishwa shambani kwa ndoo imekuwa chambo. Wengi wetu bado tuna kesi za uhamiaji, na sitakubali mwanachama afikishwe mahakamani kwa sababu ya ndoo moja ya soya.

Uzio tuliuondoa katikati ya Novemba. Siku kumi za kwanza hawakuja wengi, na simu nilizopigiwa siku hizo ninazikumbuka. Baadaye theluji ilianguka. Jioni moja ya wiki ya pili ya Desemba nilikuwa katika dungu la mashariki, upepo ukinipiga usoni, nikahesabu kulungu 19 wakitoka msituni mmoja mmoja, majike mbele, wakishusha vichwa katika soya. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia maganda yakipasuka katikati ya meno yao. Kwa mwaka mzima sikuwa nimepata malipo mengine yanayolingana na saa ile.

Mwaka 2023 tulipata kulungu 3. Mwaka huu tumepata 9, majike 6 na madume 3, na kila mmoja aliripotiwa kabla ya saa sita usiku wa siku iliyofuata kama sheria inavyotaka. Wawili tuliwatoa kwa mpango wa HUSH, ambao nyama yake hupelekwa kwa watu wasio na chakula cha kutosha, na saba wakagawanywa. Ninalazimika kusema kwamba siku ya mgao walikuja wanachama sita ambao hawakulipa ada wala kuonekana shambani tangu masika. Niliwapa, kwa sababu sikutaka kumfukuza mtu mbele ya watoto wake. Mgao ujao utafuata daftari la mweka hazina.

Fedha ni kama ifuatavyo. Daftari lina wanachama 41 na ada ni dola 150. Waliolipa ni 17, yaani dola 2,550, na madeni ya mwaka jana yaliyolipwa ni dola 450, jumla dola 3,000. Tulitumia dola 1,800 kwa pango, 310 kwa mbegu na bakteria, 425 kwa chokaa, mbolea na dawa ya magugu, 240 kwa kukodi trekta, na 1,186 kwa uzio, jumla dola 3,961. Pengo la dola 961 lilizibwa na akiba, ambayo imeshuka kutoka dola 2,740 hadi 1,779. Naomba mtazame hesabu hii pamoja nami: wanachama 24 wanadaiwa dola 3,600, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya bei ya uzio. Akiba ilishuka kwa sababu ya ada zisizolipwa, na si haki kuubebesha uzio peke yake lawama hiyo. Mkutano wa Septemba, uliotakiwa kujadili jambo hili hasa, ulihudhuriwa na watu 11 na ukavunjika kwa kukosa akidi.

Kwa mwaka 2025 tunatumaini, Mungu akipenda, kupanda mapema zaidi, kurushia mbegu za rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza) katika soya majani yake yanapoanza kugeuka manjano ili kulungu wapate na kijani wakati wa baridi, na pengine kupata kipande kingine cha ardhi kwa mzee mwenye shamba kama mazungumzo yatakwenda vizuri. Ninatamani pia kuona vijana wetu wengi zaidi wakipanda madungu.

Nguzo 62, nyuzi na mashine ya umeme viko katika karakana yangu, vimefungwa na kuhesabiwa. Nguzo tano zimevunjika na betri inahitaji kubadilishwa. Mkutano mkuu utapiga kura juu ya kifungu cha 9 na juu ya ombi langu kwamba matumizi ya uzio yathibitishwe rasmi. Akidi bado ni 14.

Mwenyekiti